Papa mdogo si mtoto wa papa

Kaskazi ilikuwa imetulia, na mashua ya Wakojani, wavuvi wa Pemba, waliokuwa dago, yaani kambi ya uvuvi, upande wa Tanga ndiyo kwanza ilikuwa inashusha. Chini ya jodari wawili na rundo la nyenga walilala papa kama ishirini, wengi wao wa urefu wa mkono mzima, kijivu mgongoni na weupe tumboni. Mchuuzi akainama, akamnyanyua mmoja kwa mkia, akamrudisha. "Hawa watoto," akasema, "nitakupa bei ya watoto." Karani wa diko, yaani pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, akaandika kwenye daftari neno moja, papa, na mbele yake kilo.

Nilimgeuza yule papa chali. Nyuma ya mapezi yake ya tumbo kulikuwa na vijiti viwili virefu kama vidole, vigumu ukivibonyeza, vinavyozunguka kwenye maungio yake. Hivyo ndivyo viungo vya kupandia vya papa dume, na vikishakuwa virefu na vigumu kiasi hicho, mwenyewe amekwisha kubalehe. Mzee mmoja aliyekuwa anakunja jarife, wavu mkubwa wa papa, kando yangu alitazama nilichokuwa natazama, akasema, "Huyo amemaliza kukua, mwanangu. Kabila lake halizidi hapo."

Mzee alikuwa sahihi, na mchuuzi na karani walikuwa wamekosea, ingawa hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Kosa lao tunalo karibu sote. Neno papa limejengwa vichwani mwetu juu ya wale wakubwa: papa pingusi mwenye kichwa cha nyundo, potwe wa Mafia ambaye Wakenya humwita papa shilingi kwa madoa yake, na yule anayekata jarife na kuondoka na samaki. Tukimwona papa wa futi mbili na nusu akili inakimbilia jibu moja, kwamba huyu bado hajakua. Ninachotaka kusema ni kwamba jibu hilo mara nyingi si la kweli, na linatugharimu pande zote mbili: tunawahesabu wazazi kama watoto, na watoto halisi wanapita katikati yao bila kuonekana.

Kwanza tumjue aliyekuwa pale chini. Jina lake la kisayansi ni Rhizoprionodon acutus. Wahindi wa pwani ya Mumbai waliamini nyama yake humwongezea maziwa mama anayenyonyesha, na ndiyo maana vitabu vingi vya samaki humwita papa wa maziwa. Katika Bahari ya Hindi ni nadra kupita mita 1.1, na hubalehe akiwa na sentimita 70 hadi 80 hivi. Huishi karibu na pwani, kwenye mchanga na matope, wakati mwingine hadi midomoni mwa mito, na hushuka mpaka kina cha mita 200. Anakula samaki wadogo, ngisi na kamba. Jenasi yake ina spishi saba zilizotapakaa katika bahari za joto duniani, na hakuna hata moja ambayo ungeiita kubwa.

Jenasi hiyo imo katika familia ya Carcharhinidae, ambamo wamo papa wengi wanaotajwa kwa woga: papa ng'ombe anayepanda mito, papa wa ncha nyeusi, papa wa bahari kuu. Familia yenyewe imo katika oda ya Carcharhiniformes, iliyobeba zaidi ya nusu ya spishi zote za papa zinazojulikana. Oda hiyo ina alama ambazo mtu anaweza kuzikagua kwa macho na kidole: mapezi mawili ya mgongo yasiyo na miiba, pezi la mkundu, mianya mitano ya matamvua kila upande, na utando unaopanda kutoka chini kufunika jicho papa anapouma. Papa huyu mdogo, akishikwa akiwa hai, huvuta utando huo sawasawa na ndugu yake wa mita tatu.

Sasa turudi kwenye lile rundo, maana ndani yake palikuwa na aina tatu za papa, na nilizitenga kwa kutumia alama tatu. Hazihitaji darubini. Zinahitaji kumgeuza samaki na kumtazama.

Alama ya kwanza ni kitovu. Papa wa familia hii hawatagi mayai. Mimba ikianza, kijusi hula kiini cha yai kama kifaranga. Kiini kikiisha, ule mfuko wake hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa uzazi na kuwa kondo, na kutoka kwenye kondo unatoka uzi unaoingia kijusi kifuani. Akizaliwa, uzi unakatika, na pale ulipokuwa panabaki kipasuko kidogo katikati ya mapezi mawili ya kifuani. Kwa majuma kadhaa kipasuko hicho huwa wazi au kina kidonda kinachofunga, kisha hubaki kovu, kisha hupotea kabisa. Kwa hiyo papa mwenye kidonda cha kitovu ni mchanga kweli, awe na urefu gani. Katika rundo lile walikuwapo wanne wa namna hiyo, na wote wanne walikuwa papa pingusi.

Jambo la kondo lina historia inayonigusa kila nikiliwaza. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba kuna papa mmoja laini ambaye watoto wake hufungwa na mama kwa kitovu, kama wanyama wa miguu minne. Wengi wa wasomi waliomfuata hawakuamini. Mpaka Johannes Müller wa Berlin, katika miaka ya 1839 hadi 1842, alipopasua papa wenyewe na kuonyesha kwamba Mgiriki yule alikuwa ameona vyema. Mvuvi yeyote wa kwetu aliyewahi kumtumbua papa jike mwenye mimba amekiona kitu hichohicho mikononi mwake: vijusi viwili, vitatu, vitano, kila kimoja kwenye uzi wake.

Alama ya pili nimeishaitaja, ni vile vijiti vya dume. Kwa mtoto huwa vifupi, laini kama nyama ya sikio, na havipiti ukingo wa nyuma wa mapezi ya tumbo. Vikiwa virefu na gegedu lake limekomaa, hakuna ubishi. Kwa jike hakuna kiungo cha nje kinachosema wazi kiasi hicho. Kwake unategemea urefu, tumbo la mimba, au makovu ya meno ya dume, kwa sababu papa hushikana kwa meno wanapopandana.

Alama ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inafanya kazi kwa dume na jike, mkubwa na mchanga. Ni mahali lilipo pezi la pili la mgongo, lile dogo karibu na mkia, ukilinganisha na pezi la mkundu chini yake. Mlaze papa ubavu. Kwa papa wa jenasi ya Carcharhinus, yaani wengi wa wale wanaokuja kuwa wakubwa, pezi hilo la juu huanzia karibu sambamba na mwanzo wa pezi la mkundu. Ukipiga mstari wa kushuka, unakutana nao. Kwa papa wa maziwa, pezi la juu ni dogo sana na limesogea nyuma, linaanzia pale ambapo pezi la mkundu linakaribia kwisha. Tena mbele ya pezi la mkundu kuna migongo miwili myembamba ya ngozi inayokimbia kuelekea tumboni, mirefu kuliko kawaida. Unaisikia kwa ncha ya kidole. Na kama pezi la pili la mgongo linakaribia kulingana na la kwanza kwa ukubwa, na linaanza mbele ya pezi la mkundu, huyo si wa familia hii kabisa. Yumkini ni Mustelus, papa laini aliyemshughulisha Aristotle. Mfungue mdomo utakuta meno yamelala bapa kama mawe ya sakafu, ya kusagia kaa.

Mstari mmoja wa kushuka kutoka pezi hadi pezi unatenga mtoto wa papa mkubwa na papa aliyezaliwa kuwa mdogo. Sijui kwa nini jambo jepesi kiasi hiki halimo katika mafunzo ya kila karani wa diko.

Mzee wa jarife, aliponiona naweka papa kwa mafungu, alichomoa mmoja kutoka fungu la papa wa maziwa akaniwekea peke yake. "Huyu siye. Tazama jicho." Nilitazama. Kwenye kona ya nyuma ya jicho, ambako kwa wenziwe ukingo ulikuwa wa mviringo, palikuwa na mkato mdogo, kama mtu amechana kwa ncha ya wembe. Jicho lenyewe lilikuwa kubwa, pua ndefu na nyembamba, ukiishika unaona karibu nuru inapita. Huyo ni Loxodon macrorhinus, papa wa peke yake katika jenasi yake, asiyefika mita moja. Nikamrudia papa wa maziwa na kutazama pembe za mdomo: ana mikunjo mirefu inayopanda juu kutoka pembeni, na karibu nayo safu ya vitundu vinavyoonekana kwa macho. Loxodon mikunjo yake ni mifupi, hutaiona mpaka uitafute. Jicho lililochanika na mdomo uliokunjika, basi, ndivyo vinavyowatenga hao wawili, na mzee alikuwa akivijua kabla mimi sijazaliwa.

Wanasayansi wenyewe walichelewa. Eduard Rüppell, Mjerumani wa Frankfurt aliyesafiri Bahari ya Shamu, ndiye aliyemtangaza papa wa maziwa mwaka 1837 kwa mfano aliompata Jeddah, akampa jina acutus kwa pua yake iliyochongoka. Miaka miwili baadaye Müller, akiwa na Jakob Henle, wakamtangaza Loxodon. (Henle huyo ndiye yule wa kitanzi cha kwenye figo ambacho kila mwanafunzi wa baiolojia amekichora.) Wote watatu walifanya kazi ya thamani, lakini baada yao kwa zaidi ya miaka mia moja kundi hili dogo lilikuwa vurugu tupu. Papa yuleyule wa Rüppell alitangazwa upya kama spishi nyingine. Klunzinger mwaka 1880 alimwita crenidens kwa ajili ya meno yake yenye kingo za msumeno; ikaja kuonekana ni yuleyule. Karibu kila papa mdogo mwenye meno yaliyoinama alitupwa katika jenasi iitwayo Scoliodon, kama tunavyotupa vitu kwenye droo moja ya jikoni. Mwenzake wa Marekani aliitwa terraenovae, yaani wa Newfoundland, wakati makazi yake hasa ni maji ya joto ya kusini mpaka Ghuba ya Mexico.

Aliyepanga droo ile ni Victor Springer, mwaka 1964. Alizichukua jenasi tatu, Scoliodon, Loxodon na Rhizoprionodon, akazipitia upya kwa kufuata mapezi, mikunjo ya midomo, meno, na idadi ya pingili za uti wa mgongo. Pingili zilikuwa muhimu kwa sababu kuna spishi mbili za Atlantiki, terraenovae na porosus, zinazofanana kwa nje kiasi kwamba njia ya kuaminika ya kuzitenga ilikuwa kuhesabu pingili zilizo kabla ya mkia. Jina Rhizoprionodon lilikuwa limeshatungwa na Gilbert Whitley wa Australia mwaka 1929, lakini ni Springer aliyelipa mipaka inayoeleweka. Miaka ishirini baadaye, 1984, Leonard Compagno akaandika kwa ajili ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, katalogi ya papa wa dunia, na mpangilio huo ukaingia mikononi mwa maofisa uvuvi wa kila bara.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wa maana wakisema uainishaji ni shughuli ya makumbusho na vyuo vikuu, kwamba mvuvi anahitaji mashine na barafu, si Kilatini. Mashine na barafu anavihitaji, hilo silipingi. Lakini tazama kinachofuata jina.

Papa wa maziwa hubalehe akiwa na miaka miwili au mitatu hivi. Binamu yake wa Australia, Rhizoprionodon taylori, hubalehe kwa takriban mwaka mmoja, jambo la nadra kabisa kwa papa. Mweke upande wa pili Carcharhinus obscurus, papa wa familia hiyohiyo anayepita mita tatu na nusu: huyo huchukua karibu miaka 17 hadi 20 kabla ya kuzaa mara ya kwanza. Ukivua papa wa maziwa kwa kipimo, kizazi kipya hujaza nafasi kwa kasi ambayo mtu anaweza kuishuhudia katika maisha yake ya kazi. Ukivua obscurus kwa kasi hiyohiyo, unakula akiba ya miaka ishirini. Na papa pingusi, yule Sphyrna lewini ambaye watoto wake wanne walikuwa wamelala katika rundo la Tanga na vitovu vyao wazi, huzaliwa akiwa na sentimita 40 hadi 55, kipimo ambacho kinamchanganya barabara na papa wadogo, ilhali mama yake hupita mita tatu. IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa viumbe, imemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Papa wa maziwa naye si salama, amewekwa katika kundi la walio hatarini kwa kiwango cha chini zaidi, lakini umbali kati ya hali hizo mbili ni mkubwa. Sasa waweke wote katika neno papa na kilo. Mwaka ujao kilo zikibaki zilezile, ofisi itasema hali ni shwari. Huenda papa wa maziwa wameongezeka na pingusi wamekwisha, na daftari lisioneshe chochote.

Jambo kama hilo limewahi kuonekana kusini mwetu. Kule Natal, Afrika Kusini, nyavu za kuwakinga waogeleaji zilianza kutegwa Durban mwaka 1952 na kuenea kwenye fukwe nyingine. Nyavu hizo zilikuwa zinaua papa wakubwa. Mwaka 1979 mtafiti Rudy van der Elst alichapisha uchambuzi wa samaki wa wavuvi wa ndoana wa ufukweni, akaonyesha kwamba papa wadogo walikuwa wameongezeka sana katika mavuno yao, na akapendekeza kwamba chanzo ni kupungua kwa wakubwa waliokuwa wakiwala. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu ukubwa wa athari hiyo. Mimi kinachonivutia ni kitu cha kabla ya ubishi: katika wale papa wadogo walikuwamo watoto wa obscurus, na walikuwamo papa wa maziwa. Wa kwanza ni watoto wanaohitaji miaka kumi na kitu kabla ya kuzaa, wa pili ni wa kabila linalokomaa upesi na kubaki dogo. Van der Elst aliweza kujadili sababu kwa kuwa aliwatenga kwa majina. Angekuwa na daftari la kilo tu, asingekuwa na la kusema.

Na siku hizi jina limekuwa sheria. Novemba 2022, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama, nchi wanachama zilikubaliana kuingiza familia nzima ya Carcharhinidae katika Kiambatisho cha Pili, na utekelezaji ukaanza Novemba 2023. Kiambatisho hicho hakipigi marufuku biashara. Kinataka bidhaa inayovuka mpaka wa nchi iwe na kibali, na kibali kitolewe baada ya kuthibitishwa kwamba uvunaji hauihatarishi spishi. Baadhi ya spishi ziliingizwa kwa hali yao mbaya. Nyingine, wakiwamo papa wetu wadogo, ziliingizwa kwa sababu pezi lililokaushwa au kipande cha nyama ya chumvi havimwambii ofisa wa forodha kimetoka kwa nani. Yaani tumeingizwa kwa kufanana. Naona uamuzi ule ulikuwa wa busara kwa upande wa bandarini, kwa sababu magendo yalikuwa yanapita kwenye tundu la kufanana huko. Lakini uthibitisho unaotakiwa ili kibali kitoke ni wa spishi moja moja, na hautapatikana bandarini. Utapatikana dikoni, samaki akiwa bado ana kichwa, mapezi na tumbo. Mara tu akikatwa, akatiwa chumvi na kuanikwa awe ng'onda, jicho lililochanika na kitovu vyote vimekwenda na kisu.

Ipo pia hoja ya haki, na hapa nasimama upande wa wavuvi waziwazi. Papa wadogo ni chakula cha watu wa pwani. Mchuzi wa papa wa nazi na ndimu si anasa. Ni kitoweo cha mwenye kipato kidogo, na papa mkavu husafiri bara kwa watu wasio na jokofu. Zamani ini la papa lilitoa sifa, yaani mafuta ya kupaka vyombo vya baharini visivuje, na hata leo ukipita panapotengenezwa majahazi utaisikia harufu yake. Ikija amri ya jumla kwamba papa wasivuliwe, au kwamba papa wote chini ya urefu fulani ni watoto na ni kosa kuwa nao, amri hiyo itamwadhibu aliyevua papa wa maziwa mzima aliyekwisha kuzaa, na itamwachia aliyemleta obscurus mwenye mita moja na nusu, ambaye ndiye mtoto. Kipimo cha rula peke yake hakifai kwa papa. Kinafaa kwa changu, pengine kwa nguru, ambao unawajua ni spishi gani kabla ya kupima. Kwa papa unaanza na jina, halafu rula.

Nimeulizwa, karani mmoja mwenye mashua thelathini za kuhudumia atapata wapi muda? Nilijipima mwenyewe siku ile. Kumgeuza papa mmoja, kutazama kifuani, kutazama nyuma ya mapezi ya tumbo, kumlaza ubavu na kufuata mstari wa mapezi, ilinichukua muda mfupi kuliko mnada wa ndoo moja ya dagaa. Mzee alikuwa mwepesi kuliko mimi mara tatu. Yeye alikuwa akitazama jicho tu na kusogeza. Wavuvi wana majina yao, yanayotofautiana kutoka diko hadi diko, na mara nyingi jina moja hubeba spishi mbili. Hilo si kikwazo. Daftari lenye safu ya jina la mvuvi, safu ya jina la kitabu, alama ya kitovu na alama ya dume mkomavu, pamoja na picha moja ya ubavu kwa simu, lingetupa katika msimu mmoja wa kaskazi maarifa ambayo neno papa na kilo haliwezi kutupa hata kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1999, FAO ilipopitisha mpango wa kimataifa wa kuhifadhi papa, nchi zimekuwa zikihimizwa kuripoti mavuno kwa spishi. Bado sehemu kubwa ya takwimu za dunia inaingia katika lile kapu la papa na taa wasiotajwa majina. Kapu hilo linajazwa kuanzia kwenye daftari kama lile la Tanga.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Uchunguzi wa DNA unaonyesha kwamba tunaowaita Rhizoprionodon acutus, kutoka Senegal mpaka Australia, huenda si spishi moja. Wale wa Afrika Magharibi, wanaosemekana kufikia ukubwa usioonekana kwetu, wanaonekana kuwa ukoo uliotengana na wa Bahari ya Hindi, na wa Australia pia. Siku wataalamu watakapowagawa, kanuni za majina zinasema jina acutus litabaki na wale wa mahali alipotoka mfano wa kwanza, yaani Jeddah. Wengine watapewa majina mengine. Wetu wa Tanga, Pemba, Lamu na Kilwa watawekwa upande wa Jeddah au upande mwingine kulingana na kitakachosomwa katika miili yao wenyewe, na cha kusomwa ni kipande cha pezi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kilichotiwa kwenye kichupa cha spiriti, na karatasi yenye jina la diko, tarehe, urefu, na kama alikuwa dume au jike. Yule dume wa vijiti vigumu nilimkata kipande kama hicho kabla mchuuzi hajamtia kwenye tenga lake, na mzee wa jarife akanishikia kichupa.